Shimo la Tairi la Akiba

Hakukuwa na mtu ndani ya gari, lakini lilikuwa limelalia upande mmoja wa nyuma, kama benchi lililokaliwa pembeni na mtu mnene. Mke wa dereva aliliona alipotoka uani kuanika nepi, mtoto akiwa mgongoni. Alisimama na nepi mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni, akalitazama. Kisha akajiambia kwamba amechoka, na mtu aliyechoka huona hata ukuta umepinda.

"Baba watoto," aliita. "Kuna mtu garini?"

Mumewe alitoka na mswaki mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu kule barabara zinakokata tamaa: wapima ardhi, wachimba visima, na wengine waliotaka tu kufika mahali ambapo simu haishiki. Alikuwa amerudi juzi. Keshokutwa angeondoka tena na wapima ardhi. Kati ya safari na safari hakuwa analala, alikuwa anazimika tu, kama taa.

"Springi hizo," alisema. "Zimechoka."

"Kama mwenyewe."

"Kama mwenyewe," alikubali, akatema povu, akarudi ndani.

Fundi alikuja asubuhi ile ile. Mtaani walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Aliingia chini ya gari, miguu ikabaki nje, na maneno yakaendelea kutoka huko huko chini.

"Kaka, springi nzima hizi! Tatizo ni wewe. Unasafiri na vyombo kama bibi harusi anayehamia kwa mume."

"Vyombo hivyo ndivyo vinavyonirudisha nyumbani."

"Basi vitoe tuchague. Kisichokuokoa kibaki na shemeji."

Wakatandika turubai uani, wakaanza kushusha. Dereva alikuwa na desturi yake. Alikishika kila kifaa na kujiuliza kinazuia kifo gani. Madumu ya maji yalizuia kiu, na kiu haisubiri fundi. Pampu ya upepo ilikuwa ya lazima, maana mchangani unapunguza upepo wa matairi, na ukirudi kwenye njia ngumu usipoyajaza unayachana. Sepetu, jeki ndefu, mbao za kutia chini ya tairi lililozama, kamba nene ya kuvutia, winchi ya gari kujivuta na waya wake pale mbele, sanduku la dawa, matairi mawili ya akiba. Hivyo vyote vilibaki garini, upande wa kwenda. Meza ya kukunja, hema la ziada na jiko la pili Redio alivitupa upande wa kubaki huku akicheka.

Mke alikuwa mlangoni akimlisha mtoto uji. Hakuwa anaangalia vifaa. Alikuwa anaangalia gari.

"Halijainuka," alisema.

Wanaume wakageuka. Kweli, turubai lilikuwa limejaa mpaka pembeni, na gari lilikuwa limekaa vile vile. Wakashusha na vile vya lazima. Madumu, jeki, matairi. Wakashusha hata mikeka ya kukanyagia. Redio akapanda kwenye bampa ya nyuma na kuruka ruka. Gari likabonyea, likarudi pale pale lilipokuwa, chini, upande ule ule.

Redio akashuka taratibu, akajifuta mikono, na hakusema kitu. Hapo ndipo mke wa dereva alipoogopa kwa mara ya kwanza. Kila mtu mtaani alikuwa amezoea kelele za Redio, na hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza.

Halafu harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa, ule wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua, na mvua haikuwa imenyesha mtaani kwa miezi.

Mchana dereva alikaa kwenye kivuli cha ukuta na sahani ya chakula mapajani, akasinzia kabla hajamaliza. Mkewe akaenda kumwondolea sahani. Alipoinama alisikia kiti cha nyuma cha gari kikilia, mlio mrefu wa taratibu, kama wa mtu mzito anayejigeuza kitandani akitafuta upande ulio baridi, na mtoto mgongoni kwake akaacha kucheza na nywele zake, na hapo hapo midomo ya mumewe ikafunguka ingawa macho yalikuwa yamefumba, ikatoka sauti nzito, ya polepole, iliyojaa mchanga, ambayo haikuwa yake wala haikuwa ya mtu yeyote aliyepata kumsikia akiongea.

"Mmenitoa kitandani," ilisema. "Nimechoka."

Sahani ikaanguka. Mumewe akashtuka, akamtazama. "Nini?"

"Baba watoto," alinong'ona, "safari iliyopita mlikwama wapi?"

Dereva alisugua uso. Alieleza bila kuficha, kama mtu asiye hata na nguvu ya kuficha. Walikwama kwenye uwanda wa udongo mweusi, mahali pasipo mti hata mmoja wa kufungia waya wa winchi. Mahali kama hapo dereva huchimba shimo refu, huzika tairi la akiba, hufunga waya kwenye tairi lile, na gari hujivuta lenyewe mpaka litoke. Kazi ikishakwisha unalifukua tairi lako, kisha unalifukia shimo na kulikanyaga, ili gari la mwenzako lisije kutumbukia. Hiyo ni heshima ya njia, na hakuna dereva asiyeijua.

"Na wewe ulifukia?"

"Abiria walikuwa wanapiga kelele. Jua lilikuwa linazama. Mikono ilikuwa haifungi tena, mama watoto." Akaangalia viganja vyake. "Niliondoka. Nililiacha wazi."

Redio, aliyekuwa amesimama mbali na gari, alisema kwa sauti ndogo, "Nina shangazi."

Shangazi yake Redio alikuwa anatibu watu wenye majini, na jioni ile alikuja akichechemea, mguu mmoja umevimba. Aliomba kiti kabla ya kuomba maji. "Tangu asubuhi niko na bibi mmoja ambaye jini lake linataka kuolewa," alisema. "Nyinyi la kwenu linataka nini?" Lakini alipoweka kiganja juu ya mlango wa nyuma wa gari, mzaha ukamtoka usoni. Alipoutoa mkono, ulikuwa na unyevunyevu.

"Huyu hana ugomvi na mtu," alisema kwa kunong'ona, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa. "Alikuwa amelala. Mmechimba kitanda chake, mkamvuta pamoja na tairi lenu, halafu mkaacha mlango wazi. Amechoka kuliko nyinyi nyote. Mrudisheni. Akishashuka, fukieni, na msichungulie ndani. Aliyelala hachunguliwi."

"Tutamrudisha," mke alisema haraka.

"Na msibebe kitu cha kuvutia wala cha kuinulia. Kilichomtoa ardhini kisiende naye, la sivyo hashuki."

Dereva akalitazama turubai. "Shangazi, bila winchi, bila kamba, bila jeki? Kule? Si bora uniambie nife hapa hapa, nisiwasumbue kunitafuta?"

"Beba maji na sepetu. Kwa kufukia, hivyo vinatosha." Kisha akamgeukia mke na kumshika kifundo cha mkono. "Wewe kazi yako ni moja. Mumeo asilale kule. Mtu aliyechoka na jini lililochoka wakilala mahali pamoja, huamka mmoja tu. Umenisikia, mwanangu? Mwambie hadithi, mfinye, mtukane ukitaka. Asilale."

"Nimesikia, shangazi. Mimi gari silitaki. Namtaka yeye arudi."

Walimwacha mtoto kwa mama mkwe, Redio akafungua winchi na kuitoa, na mume na mke wakaondoka wawili tu kabla hakujapambazuka. Siku nzima mke alifanya kazi aliyopewa. Alimkumbusha dereva siku alipokuja kumposa amevaa viatu vya kaka yake, kimoja kikamvuka mlangoni mbele ya wakwe. Akamwimbia. Akamfinya mpaka akaweka alama. Kope zikishuka, alimpiga kofi la shavuni.

"Hili la nini?" dereva aliuliza.

"La mwaka jana. Nilikuwa nimeliweka akiba."

Dereva akacheka, na kicheko kile kilimfurahisha mkewe kuliko kitu chochote tangu mtoto azaliwe. Nyuma yao kiti kililia taratibu. Hakuna aliyegeuka.

Walifika jua likiwa limeanza kulegea. Uwanda ulikuwa mweusi na mtupu pande zote, na katikati yake shimo, kama jicho lililosahau kufumba. Dereva alisimamisha gari mbali kidogo, mahali pagumu, kwa sababu wakizama safari hii hakukuwa na kitu cha kuwatoa. Akachukua sepetu. Akafungua mlango wa nyuma, akasema kama shangazi alivyomfundisha, "Tumekuja kukurudisha, mwenyewe. Tusamehe." Gari likatikisika. Upande ule wa nyuma ukapanda juu polepole, na udongo mbele yao ukabonyea, kishindo baada ya kishindo, kuelekea shimoni.

Mke alishikilia dashibodi kwa mikono miwili. Gari lilikuwa limesimama sawa. Alitaka kulia.

"Baki hapa," dereva alimwambia. "Nafukia, tunakwenda."

Alimwona akitembea, mgongo umepinda, sepetu begani. Alimwona akifika. Alimwona akisimama ukingoni na kuiegemea sepetu, kama anayevuta pumzi. Akataka kumwita, amwambie aanze, asisimame, lakini upepo uliokuwa ukipita dirishani ulikuwa baridi na laini, na kiti kilikuwa na joto, na tangu mtoto azaliwe hakuwa amekaa mahali tulivu bila mtu kumlilia, na akasema moyoni kwamba atafumba macho kwa muda wa kupumua mara moja tu, halafu amwite.

"Mama watoto."

Akashtuka. Jua lilikuwa limekwisha, umebaki mwanga wa kijivu. Mumewe alikuwa amesimama dirishani, sepetu mkononi, nguo zote zimejaa udongo.

"Umemaliza?"

"Bado. Fukia wewe. Mimi ngoja nikae kidogo."

"Hukulala?" Alimshika uso, akamkagua macho. Yalikuwa wazi kabisa. "Niapie hukulala."

"Sijalala," alisema. "Nimeamka."

Mke alishukuru Mungu, akashuka, akachukua sepetu. Alikwenda mpaka ukingoni akiwa amegeuza uso pembeni, kama alivyoagizwa. Hakuchungulia. Alifukia haraka, udongo mzito ukinata kwenye chuma, na kila alipotupa sepetu moja ya udongo alisikia ukianguka kwa mlio mwepesi, laini kuliko alivyotegemea, na alipotaka kusimama alimkumbuka mtoto, akaendelea, mpaka shimo likawa sawa na ardhi. Kisha akalikanyaga kwa miguu yote miwili, huku na huku, ili gari la mwenzake lisije kutumbukia.

Njia nzima ya kurudi dereva hakupiga mwayo hata mmoja. Alishika usukani kwa utulivu, mgongo umenyooka. Mke alilala, akaamka, akalala tena, na kila alipoamka alimkuta macho mbele, akitabasamu kidogo. Mara moja tu alimuuliza kama amechoka.

"Zamani nilikuwa nachoka," alisema.

Waliingia mtaani asubuhi, watoto wakienda shule. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mjukuu mkononi, na Redio pembeni yake, akiongea, ameanza kuongea tena kama zamani. "Mwanangu!" mama mkwe alisema. "Umepumzika! Uso unang'aa!"

Dereva alizima gari, akafungua mlango, akashuka.

Gari likainuka. Upande wa dereva ulipanda juu kwa mlio mrefu wa springi, mpaka mke akateleza kwenye kiti chake na kujishika mlangoni. Ardhini, mahali alipokanyaga mumewe, udongo mkavu ulikuwa umebonyea mpaka kwenye kifundo cha mguu. Naye alikuwa anatembea kuelekea mlangoni, kishindo baada ya kishindo, mikono ameinyoosha kumpokea mtoto.

Mke alitazama viganja vyake. Udongo mweusi ulikuwa bado umekaa kwenye kucha. Akaukumbuka ule mlio laini. Akakumbuka jinsi alivyokanyaga, huku na huku, kwa bidii.

Alishuka akajikwaa, akazunguka nyuma ya gari, akainyakua sepetu. "Redio!" aliita, sauti ikakatika. "Redio, washa gari! Washa gari, turudi!"

Yule aliyekuwa mlangoni akageuka, mtoto ametulia kifuani pake. Harufu ya udongo uliolowa ikaujaza uwanja.

"Mwache, mama watoto," alisema kwa upole. "Alikuwa amechoka sana."