Tairi za Maua

Septemba ile mvua ya Bunia haikuwa na adabu. Ilinyesha asubuhi watu wakienda sokoni, ikanyesha tena mchana wakirudi, na barabara ya Mudzipela ikageuka uji mwekundu. Mbele ya meza za wauza nyanya gari jeupe la samaki lilikuwa limekwama, magurudumu yakizunguka bure, pikipiki, moto kama wanavyoziita Bunia, zikipiga honi nyuma yake. Elodie alikuwa anapita kando, viatu mkononi, amevaa gauni jipya la manjano na kitambaa cha kichwa cha rangi ileile. Dereva akakanyaga mafuta. Matope yakaruka na kumvaa binti wa watu kuanzia shingo hadi magoti.

"Weye! Iko na macho ao iko na vitobo?"

Dereva akashuka. Alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, ananuka samaki wabichi. Alitaka kuomba radhi kwa heshima, lakini alipomtazama yule msichana mwenye madoadoa, kicheko kikamtoka.

"Musamaha, mama. Hata hii rangi ya mupya iko nakufaa."

"Iko nacheka? Tazama pneu yako kwanza! Iko na upara kama ya muzee. Upara gani itapanda matope?"

Wauza nyanya wakashika mbavu. Kijana akazitazama tairi zake kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza, kisha akasema kwa upole kwamba anaitwa Kambale, na kwamba gauni atalifua mwenyewe.

"Weye ufue, inuke samaki? Kuja depo ya pneu kwa tantine Godelive, utaleta sabuni. Na utanunua pneu."

Basi, wengine huanza mapenzi kwa maua, hawa walianza kwa matope. Kambale alileta sabuni. Siku ya pili alileta samaki, na siku ya tatu hakuwa na sababu yoyote, akaja hivyohivyo. Alikuwa mtu wa Butembo, na kila siku alishuka Kasenyi ziwani kuchukua samaki na kupanda nao Bunia. Elodie aliuza tairi okazo, zile zilizokwisha tumika Ulaya, katika depo ya shangazi yake Godelive, na alizijua tairi kama wasichana wengine wanavyojua mawigi.

Oktoba ilipofika na njia kuzidi kuharibika, alitoa mfukoni mwake akamnunulia Kambale tairi nne alizokuwa amezificha nyuma ya depo. Zilikuwa na meno marefu, na ubavuni zilichorwa mlima mdogo wenye ua ndani yake. Madereva wa Bunia waliziita tairi za maua, na kila mmoja aliapa kwamba zinapanda matope kama mbuzi.

"Cheri, kwetu mwanaume ndiye anatoa zawadi," Kambale alisema, anazipapasa kama mtoto.

"Kwetu mwanamuke anatafuta mwanaume mwenye atafika nyumbani."

Baba yake Elodie, muzee Dominique wa Ngezi, alikuwa mtu wa ng'ombe na wa maneno machache. Dereva wa samaki hakumfurahisha sana. Hata hivyo alikubali kwamba Februari wajomba wa Kambale waje kuzungumza mahari.

Januari mvua ilikatika. Jua likakaza udongo, vumbi likapanda hadi kwenye mashuka. Siku moja Bénédicte, binti wa mama mkubwa, akapiga simu kutoka Vancouver.

"Yaya, niko garaji. Naweka pneu ya neige, ya theluji. Nimechelewa, juzi neige ikatukamata."

"Kwani huko neige iko kila siku?"

"Hapana! Huku ni kando ya bahari, siye tuko na mvua tu. Neige inakuja siku mbili, tatu, inaenda. Lakini ukipanda ku milima, polisi anatazama kama pneu iko na ile alama, mulima na neige ndani."

Elodie akasogeza simu karibu na sikio. "Mulima na ua, unasema?"

"Ua gani? Ile ni neige! Ni pneu ya baridi. Joto ikifika tunatoa mbio, sababu mupira yake ni laini. Kwa joto inakulika kama chikileti ya kutafuna. Unafunga frein, gari haitaki kusimama. Na muzigo nzito, inapasuka."

Simu ilipokatika, Elodie akafumba macho. Aliuona mteremko wa Kasenyi, kona juu ya kona, jua la mchana, makreti yamepangwa hadi juu. Akampigia Kambale, hakuna rezo, mtandao haukamati. Akapiga tena. Mwishowe akaandika haraka: *Kambale, toa zile pneu unirudishie zote ine. Nitakueleza.*

Ah, Elodie! Maneno yote ya dunia, ukachagua hayo? Kwao Ngezi na kwao Butembo watu wanajua jambo moja: uchumba ukifa, vitu vinarudishwa. Na asubuhi ileile, pale Kasenyi, rafiki yake Kambale aitwaye Willy alikuwa amemtonya kwamba Vital, mwenye duka la mabati na magari mawili, ameonekana mara mbili amekaa barazani kwa muzee Dominique. Ni kweli alikaa. Kambale aliusoma ujumbe amesimama majini, suruali imekunjwa, akausoma tena, kisha akazima simu.

Jumapili baada ya misa muzee Dominique alikuwa ameketi uani na wageni wake, wazee wa ukoo. Gari la samaki likasimama mlangoni. Kambale alishuka na shati jeupe lililopigwa pasi, akafungua nyuma, akaanza kushusha tairi mojamoja na kuzipanga mbele ya miguu ya wazee. Wazee wakavuta miguu nyuma.

"Muzee, binti yenu ameomba vitu yake. Nimerudisha."

Elodie akatoka jikoni mbio, mikono ina unga. "Kambale, haiko vile! Hizo pneu—"

"Usieleze. Nimesoma."

Muzee akasimama polepole. "Kijana, unajua kile unafanya?"

"Najua, muzee."

"Basi. Kitu ikirudishwa mbele ya wazee, neno imekwisha. Ambia wajomba yako wasisumbuke."

Elodie alimfuata hadi barabarani. Gari lilikuwa linaondoka, na ndipo alipoona magurudumu yake: Kambale alikuwa amefunga tena zile kuukuu, zile za upara. Alipiga kelele, akapiga tena, vumbi likamjaza kinywa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Simu ya Kambale ilibaki imezimwa. Baba alisema jina lile lisitajwe nyumbani, na Elodie hakulitaja, lakini kila alfajiri alikaa kitandani akijua kwamba saa hiyo gari linaanza kushuka. Nimemutoa pneu mubaya, nimemurudisha ku ile ya upara ya kumuua, alijiambia. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anampenda. Chakula hakikushuka. Tantine Godelive alimwambia analia hata akipima upepo wa tairi.

Alhamisi habari ikafika depo: gari la samaki limeanguka mteremkoni. Jeupe. Mmoja alisema dereva amekufa, mwingine alisema bado anapumua. Elodie hakuuliza mara ya tatu. Aliingia barabarani na sandali za nyumbani, akashika moto ya kwanza.

"Kasenyi. Mbio."

"Mama, ile njia leo—"

"Nimesema mbio!"

Njia nzima alimwomba Mungu kama anayegombana naye. Kwenye kona watu walikuwa wamejaa. Makreti yalikuwa yamepasuka, samaki wametawanyika majanini, wanawake wanaokota. Gari jeupe limelala chali, magurudumu yanatazama mbingu. Elodie alishuka kwenye moto. Akakaa chini pale pale, kwenye vumbi, na hakujali nani anamwona.

"Elodie?"

Kambale alikuwa amesimama juu yake, kreti mikononi, damu kifuani.

"Si damu yangu," alisema haraka. "Ni ya Jean-Claude. Gari ni yake. Amevunjika muguu tu, wamemupeleka hospitali. Weye iko nafanya nini huku?"

Akainuka. Akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, kreti ikaanguka. "Nilikuzika! Kila asubuhi nilikuzika! Na weye umefunga telefone!"

"Uliomba pneu yako..."

"Sababu zingekuua! Ile ua si ua, ni neige! Ni pneu ya nchi ya baridi, kwa jua inapasuka! Nilikuandikia nitakueleza. Nitakueleza! Hukusoma mpaka mwisho?"

Kambale akasogeza kreti kando kwa mguu. "Na Vital?"

"Vital anataka kununua ng'ombe ya baba. Ng'ombe, Kambale! Ile yenye doa."

Kambale akacheka kidogo, na palepale machozi yakamtoka, dereva mzima mbele ya wauza samaki. Akamshika mikono.

"Nilikuwa mujinga, cheri. Nilitoka kwenu nikaogopa kona zote. Nimeazima pneu kwa Willy. Lakini muzee amefunga neno mbele ya wazee."

"Amefunga. Leo jioni tutaenda siye wawili. Utapiga magoti, utasema ulirudisha kwa kasirani na wivu. Usitafute uongo ya muzuri."

"Na akikataa?"

Elodie alimtazama. Alimjua baba yake. "Anaweza kukataa. Tutarudi kesho. Tutarudi mpaka achoke."

Wakajaza kreti samaki waliobaki. Chini ziwa liling'aa, na yule wa moto aliyemleta alikuwa ameanza kupiga honi.

"Kitu moja tu nakuomba," alisema Elodie. "Siku utanikasirikia, usifunge telefone."

"Na nikikosa maneno ya muzuri?"

"Nitukane. Nitukane kwa nguvu, nisikie uko muzima."