Kabila Walilorudi Nalo

Kitendawili, wajukuu. Waliondoka Gusii wakiwa kabila moja, wakarudi wakiwa mawili. Hamna jibu? Basi sogeeni niwape.

Ilikuwa siku ya soko pale Daraja Mbili, Kisii mjini, watu wanasukumana na mikungu ya ndizi vichwani. Drusilla alikuwa ameinama akichagua chinsaga, mboga aliyoitamani miaka yote aliyouguza wagonjwa kule Minnesota. Alivaa rinda jeusi, maana alikuwa ametoka kumzika mama yake kijijini Gesima. Begani alikuwa na begi la kitambaa, mkononi chupa ya chuma ya maji. Akarudi nyuma, akakanyaga buti.

Buti lenyewe la ngozi, lenye ncha. Juu yake jinzi, mkanda wenye chuma kipana, na kijana mrefu mwenye uso wa kucheka.

"Pole, dada. Umenikanyaga wewe, lakini pole chukua."

"Hilo buti unachungia ng'ombe gani hapa mjini?"

"Wa Texas. Na wewe umetoka Amerika."

"Nani amekuambia?"

"Hiyo chupa. Mkisii gani anatembea na maji, na mvua yetu hii?"

Drusilla akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kijana aliitwa Lewis, wa Nyaramba, dereva kule Texas, aliyekuja likizo. Wakaingia hotelini kunywa chai.

"Kitendawili," Lewis akasema.

"Tega."

"Nyumba yangu haijawahi kulala kwa jirani mmoja mara mbili."

"Lori."

"Unaona? Umeshakuwa mke wa dereva."

Drusilla akainamisha uso, akamwomba mhudumu chai ya maziwa ya soya.

"Soya mnaikamulia wapi, dada?" mhudumu akauliza, na Lewis akacheka mpaka akafuta macho.

Lakini moyoni Lewis alikuwa ameshtuka kidogo. Kule Amerika, wajukuu, watu wana makabila mawili ya siasa, wekundu na wa bluu, na hawaulizani ukoo. Wanaangaliana tu. Mwenye buti na pikapu wanamweka upande wa wekundu. Anayekwenda dukani na begi lake na kukataa maziwa ya ng'ombe, huyo wanasema ni wa bluu. Kila mmoja alikuwa amemtambua mwenzake, na kila mmoja akanyamaza, kwa sababu mapenzi yalikuwa yameshaingia.

Simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje na hujanipigia?" Lewis alifika Gesima kumsaidia kuchuma chai ya marehemu mama, akichuma vibaya, akitukanwa kwa upendo. Wazee waliuliza koo zao, wakaona hazina shida. Jumapili watu wa Nyaramba wangekuja kujitambulisha na kuposa.

Alhamisi hiyo jua lilikuwa kali. Lewis akapanda shambani na kofia nyekundu ya kampeni, ile ya wekundu wenyewe, wanaoapa kuwafukuza wageni wasio na karatasi. Drusilla akashusha kikapu.

"Vua."

"Dru, ni jua tu."

"Nilijiambia ni buti tu."

"Na mimi nilijiambia ni maziwa tu. Sikiza. Nilipofika Texas sikuwa na mtu. Wazee wa kanisa wenye kofia hizi ndio walionipa kitanda na chakula."

"Na mimi wenye mabegi haya ndio walionifundisha kutembea kwenye barafu. Siulizi hayo." Akainyoshea kofia kidole. "Ndugu yangu Mose yuko Minnesota, hana karatasi za kuishi kule. Hakuja kumzika mama, kwa sababu akitoka kule harudi. Sasa amejifungia akiogopa kukamatwa, haendi hata dukani. Akigonga mlango wako, utamfungulia?"

 Lewis alikuwa amepanga foleni yake ya karatasi, akanyanyaswa, akavumilia, akapata. 

"Sheria, Dru..."

"Waambie wazee wako wasije."

Akalia pale katikati ya chai, na Lewis akashuka mlima peke yake. Alipiga simu, haikushikwa. Akatuma watu, wakarudishwa. Jumapili ikapita, nyumba ya Gesima kimya, Drusilla kandokando ya kaburi la mama. Akasikia Lewis amesharudi Amerika. Akajua amempoteza, na bado Mose hajasaidika kwa lolote.

Kisha simu ikalia. Alikuwa Mose, akinong'ona.

"Dada, kuna mtu mlangoni, anaongea Kikisii."

"Usifungue, Mose. Tafadhali."

"Nimeshafungua. Ameleta unga na nyama. Saa hii anapika obokima, na ugali wenyewe anauunguza."

Drusilla akakaa chini kwenye nyasi. "Mpe simu."

"Dru," Lewis akasema.

"Umefuata nini huko?"

"Uliniuliza kama nitamfungulia, nikakutajia sheria. Nikauliza Wakisii wa huku mpaka nikaonyeshwa mlango wake, nikaona nije nigonge mimi kwanza." Akavuta pumzi. "Kura yangu bado ni ile, nisikudanganye. Lakini ndugu yako hatalala njaa. Lori likinileta kaskazini, nitapita hapa."

"Na mimi bado nina hasira na wewe."

"Najua. Wazee waje, au wasije?"

Upepo ulipita juu ya chai. Drusilla alitaka kusema waje, alilitaka neno hilo kuliko maji.

"Siku askari watakapomjia Mose, Lewis, wewe utakuwa umesimama upande gani wa mlango?"

Huko mbali sufuria iliwekwa chini. Drusilla akafumba macho.

"Wa ndani," Lewis akasema. "Na yeye."

"Basi waje."