Pamba na Shimo la Uvunguni

Bushiri alikuwa mkulima wa Ruaruke. Mkewe, Mwanabaraka, alifuga sungura jike mweupe aliyemwita Pamba. Shemeji yake Bushiri ndiye aliyemleta kutoka shamba la Mzungu, Mzungu huyo alipokimbia vita.

"Pamba ndiyo iliyotuletea vita," Bushiri alilalamika. "Sasa nailisha ndani ya nyumba yangu!"

Lakini alisema hivyo huku akimchagulia sungura matembele laini.

Ulikuwa wakati wa Vita vya Maji Maji, vilivyozuka watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Askari wa Mdachi walipita vijijini wakichoma maghala na kuchukua chakula. Bushiri na mkewe walitia mpunga wao kwenye mitungi, wakaifukia uvunguni mwa kitanda. Hawakumwambia mtu.

Asubuhi moja Bushiri alirudi kutoka mtoni, akasikia kwaru-kwaru chumbani. Aliinama kutazama uvunguni. Udongo ulikuwa umetapakaa kila mahali. Katikati yake alikuwapo Pamba, anafukua kwa miguu ya mbele. Mdomo wa mtungi mmoja ulikuwa nje!

"Mwanabaraka! Huyu mnyama atatuua kwa njaa!"

Alimchapa Pamba kwa ufito, akafukia shimo. Jioni Pamba alikuwa uvunguni tena, anafukua kwa haraka zaidi. Bushiri alichukua kisu.

"Leo tunamla."

Mwanabaraka alimkumbatia Pamba kifuani. "Mume wangu, mimi nimeshamzoea. Usinifanyie hivyo."

"Hodi!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa jirani yao, Bi Zabibu, mama mtu mzima. Zamani alifanya kazi ya kutunza sungura katika shamba lile lile la Mzungu. Bushiri alitaka kutandika mkeka juu ya shimo, lakini alichelewa. Bi Zabibu alikwisha kuona.

Bushiri alibaki na mkeka mkono mmoja, kisu mkono wa pili.

"Mimi nimeona sungura tu," alisema Bi Zabibu taratibu. "Hebu nimtazame."

Alimpapasa Pamba tumboni kwa upole. Kisha akaonyesha manyoya yaliyoshikamana na udongo.

"Haya kayang'oa mwenyewe, kifuani mwake. Anatengeneza kitanda cha watoto. Mwanangu Bushiri, mkeo huyu wa pili karibu atajifungua!"

Mwanabaraka alicheka. Bushiri alishusha kisu.

"Lakini kwa nini afukue hapa hapa?"

"Kwa sababu udongo huu ni laini. Ninyi wenyewe mmeulainisha. Sungura ameumbwa kuchimba. Shimo ndiyo nyumba yake. Humo hujificha, humo hupata ubaridi wakati wa joto, humo huzaa. Hata asiye na mimba huchimba, hasa akifungiwa bila kazi. Ukimchapa, anaogopa. Akiogopa, anazidi kutafuta pa kujificha."

"Basi nifanye nini, mama?"

"Mpe mahali pake pa kuchimba."

Kesho yake Bushiri alijenga zizi dogo uani, upande wenye kivuli. Alizamisha fito chini sana ardhini, zikaribiane, ili Pamba asitokee chini yake na paka-mwitu asiingie. Alijaza udongo tifutifu na nyasi kavu, akaezeka makuti. Uvunguni alishindilia udongo, na Mwanabaraka akasiliba sakafu yote ikawa ngumu.

Pamba aliingia zizini, akanusa, akaanza kuchimba. Hakugusa tena sakafu. Baada ya siku chache shimo lake lilikuwa limezibwa kwa nyasi na manyoya. Ndani mlikuwa na watoto wekundu, wamefumba macho.

"Mbona mama yao hakai nao?" Bushiri aliuliza kwa wasiwasi.

"Hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, basi," alisema Bi Zabibu. "Hajawatupa. Waacheni."

Watoto hawajafumbua macho, askari wakaja. Mwanabaraka alimfunga Pamba mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, akajiinamia jikoni. Askari waligonga sakafu kwa vitako vya bunduki. Ilikuwa ngumu. Walitoka uani. Mmoja akaona udongo mpya zizini, akainua singe yake.

"Kuna watoto humo, bwana!" Bushiri alipiga kelele, na mwenyewe alishangaa jinsi sauti ilivyomtetemeka.

Askari alipiga magoti, akapekua manyoya. Akainua kitoto kilichotosha kiganjani. Alikitazama kwa muda, akakirudisha, akakifunika.

"Hawa hata mchuzi hawatoi," aliwaambia wenzake. Wakachukua kuku wote, wakaenda zao.

Njaa kali ilifuata. Nyumba ile ilikula mpunga wake kidogo kidogo, na Bi Zabibu alipata fungu lake. Bushiri naye alikata nyasi kila alfajiri. Siku moja rafiki yake Mwinjuma alimsimamisha njiani wazungumze.

"Niache nipite, ndugu yangu," Bushiri alisema, tita la nyasi kichwani. "Nina mzazi nyumbani, na bado hajala."