Vidole Viwili Ndani ya Mshono

Foleni ya dirisha la dawa ilijikunja mara tatu kama utumbo, na waliosimama humo walikwisha kuchoka hata kununa. Fundi cherehani alikuja kuchukua dawa ya macho ya mama yake. Alivaa gauni la kijani kibichi, na ukosini mwake, kama ilivyokuwa ada yake, palichomekwa sindano yenye uzi mweupe. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye madoa ya gundi vidoleni. Ghafla kifungo cha shati lake kikafyatuka, kikabingirika hadi miguuni pa fundi.

"Kaka, umeangusha."

"Kimenikimbia, dada. Siku hizi hata vifungo havitaki kukaa na mgonjwa."

"Kimekimbia uzi mbovu. Geuka huku."

"Hapa, mbele za watu?"

"Watu wana yao. Simama wima, nisije nikakuchoma ukasema nimekuroga."

Akakishona pasipo kumgusa kifua, akakata uzi kwa mkasi mdogo. Foleni nzima ikacheka.

"Ujira wako?"

"Uje dukani nikushonee mashati ya maana. Huyo aliyekushonea hili atakuacha kifua wazi."

Ndivyo ilivyoanza. Mwanamume huyo alikuwa mjalidi, mtu wa kufufua vitabu vilivyochakaa, akiishi na dada yake mkubwa. Alikuwa na uvimbe tumboni, na kila baada ya wiki tatu alishinda hospitalini akitiwa dawa ya dripu. Fundi alimshonea mashati matano ya rangi ya maziwa; na kwa kuwa nguvu za mikono zilikuwa zikimwacha, mjalidi akawa anayaleta dukani kila Alhamisi yapigwe pasi. Yeye alimwita fundi Bi Sindano. Fundi naye akamwita Bwana Gundi. Neno lililo zaidi ya hayo kila mmoja alilitunza moyoni.

Mjalidi alikuwa na lake alilolishikilia. Hospitalini alipanda mizani akiipa kisogo, na kumsihi muuguzi asimtajie uzito.

"Hofu ni nusu ya ugonjwa," alimwambia fundi. "Mimi kipimo changu ni shati. Likinikaa, nimo. Likinipwaya, nakwenda."

"Kwenda wapi?"

"Unakujua."

"Koma, Bwana Gundi! Nguo zangu hazivaliwi na wasafiri wa huko."

Alhamisi moja fundi akaona ukosi umesimama mbali na shingo. Ungeweza kupenyeza vidole viwili. Usemi wa shati ukamrudia: likinipwaya, nakwenda. Alipobaki peke yake akafumua ubavu na ukosi, akapunguza upana wa kidole, akapiga pasi juu yake. Mashati manne aliyoachiwa, na la tano Alhamisi iliyofuata. Wiki chache baadaye akapunguza tena, kisha tena, na kila mara mjalidi alitoka mbele ya kioo akimeremeta.

"Umeona? Mwezi wa tatu huu, shati li vilevile!"

"Alhamdulillahi," fundi alijibu, macho kayainamisha kwenye cherehani. Neno lilikuwa tukufu. Yeye ndiye aliyelifanya pazia.

Siku moja simu ikalia.

"Bi Sindano? Ni mimi, dada yake. Ameanguka ngazini pale karakana yake ya vitabu! Kumbe ameruka dripu mbili, na mimi siku zote mbili nimemuaga nikijua anakwenda hospitali. Namuuliza kwa nini, ananiambia shati halijampwaya, ameshapona, ya nini kujitesa?"

Sindano ilimchoma fundi kidole asiihisi.

Alimkuta mjalidi nyumbani kitandani, shati kaligeuza ndani nje juu ya magoti, vidole vikipita mshononi polepole.

"Mimi hushona vitabu," mjalidi alisema. "Uzi ukihamishwa, karatasi huacha matundu. Kitambaa nacho ni hivyo hivyo. Haya ya kwanza. Haya ya pili. Haya ya tatu. Mara tatu, Bi Sindano."

"Nilitaka usikate tamaa."

"Nami sikukata tamaa. Nikaacha dawa."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

Mjalidi akafumba macho. "Neno hilo nimelingoja miezi minne, nawe umeniletea siku nisiyoweza kukuamini. Nenda zako."

Zikafuata wiki nzito. Fundi alipiga simu, haikupokewa. Dada mtu ndiye aliyemjulisha kuwa dripu zimeanza upya, na kwamba mgonjwa hasemi na mtu.

"Mwanangu," mama yake alimuuliza, "mbona cherehani yako inakwenda kama inayopanda mlima?"

"Nimechoka, mama. Nilimhurumia mtu nikamficha kweli, nikamponza hadi akaanguka ngazini."

"Mimi haya macho yangu yanakufa. Daktari huniambia yalipofikia, ndipo nikajua nishike ukuta upi. Angenificha, ningekuwa nimeshavunjika nyonga." Akapapasa meza hadi akaupata mkono wa binti yake. "Tumaini lisiloambiwa kweli huanguka ngazini."

Jumanne moja, adhuhuri, simu ikaita.

"Bi Sindano."

"Ndimi," alijibu, akakaa chini.

"Leo nimepanda mizani uso mbele."

"Imesemaje?"

"Kilo hamsini na mbili. Nikaitazama, ikanitazama, hakuna aliyekufa."

Fundi akacheka huku machozi yakimtoka. "Na daktari?"

"Uvimbe umesimama. Haukui, haupungui. Huko mbele, anasema, hajui. Nimechoka, mwenzangu. Kuogopa kumenichosha kuliko kuumwa. Uko dukani?"

"Niko."

"Usifunge."

Alishuka kwenye teksi akiegemea mlango. Mishono ya hila alikuwa ameifumua mwenyewe, na shati lilimning'inia kama lililoanikwa kambani. Akasimama mbele ya kioo, safari hii pasipo kumeremeta.

"Nipime. Utaje kwa sauti."

"Kifua, themanini na mbili. Kiuno..." Akausoma utepe mara ya pili.

"Taja."

"Sitini na tisa. Shingo, thelathini na nne."

"Andika. Nataka koti la vipimo hivyo hivyo, si vya mtu niliyekuwa."

"La nini?"

"La kwenda kukuposa kwa mama yako. Miaka mingi sina ya kukuahidi. Hiyo iko kwa Mola. Nina siku hii ya leo. Ukikataa, kataa waziwazi, kama ulivyokitaja kiuno changu."

Fundi alizungusha utepe kidoleni. "Koti huchukua wiki mbili."

"Hilo jibu la fundi. La Bi Sindano je?"

"Bi Sindano anasema wiki moja."

Wiki ikatimia. Koti la kijivu lilimkaa kama ganda la yai. Lakini mjalidi ni mjalidi. Akageuza bitana, akakuta mkunjo mpana wa kitambaa ubavuni.

"Hiki nini? Umeanza tena?"

"Nilikuwa nangoja ukione. Nimeacha vidole viwili kila upande. Ukinenepa, nitaachia."

"Na nisiponenepa?"

Fundi akampangusa chaki begani.

"Vitakaa humo ndani. Havimzuii mtu kutembea."

Mjalidi akalifunga koti, vifungo vyote vitatu. Wakaenda kwa miguu kwa mama yake, mtaa wa tatu kutoka pale. Njiani mjalidi alisimama mara mbili kuvuta pumzi, na mara zote mbili Bi Sindano alisimama naye, wala hakujifanya kuwa anatazama kitu kingine.