Aliyeitika Jina la Mtoto

Petroli ya taa iliisha jioni ya siku ya saba, na Adélaïde akasema ataifuata mwenyewe.

"Muzazi hatokake mu nyumba mbele ya siku ya munane," alisema mama mkwe wake, Mawazo.

"Mi natoka."

Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akachukua chupa, akatoka bila kuaga. Si kwamba giza lilimsumbua. Alitaka tu kuwa mbali na chumba kile kabla hajamrushia yule mama sufuria. Tangu mtoto azaliwe, Mawazo alikuwa anamwinamia asubuhi, mchana na magharibi, akimwita kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aliye mbali.

"Cirimwami! Cirimwami, we!"

Cirimwami lilikuwa jina la baba mkwe. Adélaïde hakuwahi kumwona. Aliambiwa alikufa kwa ugonjwa kule Uvira mwaka wa sitini na nne, vita ilipowafukuza Kongo, akazikwa huko. Kisha Mawazo na mwanawe Gélase wakaanza maisha mapya hapa Bujumbura. Gélase alipata kazi ya kupakua mizigo bandarini, akamwoa Adélaïde, binti wa mtaa wa Kinama, wakapanga vyumba viwili kwenye mtaa wa Bwiza.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Cirimwami. Alikufa siku ya tisa.

Wa pili aliitwa Cirimwami. Siku ya tisa vilevile.

Daktari alisema ni mapafu. Lakini ni Adélaïde aliyewainua kitandani, na aliyaona maji yaliyowatoka puani. Maji ya rangi ya udongo. Alipowaonyesha watu, walimwambia uchungu unamfanya aone mambo.

Na kesho huyu wa tatu angepewa jina. Lilelile.

"Ni desturi yetu," Gélase alikuwa amesema asubuhi, macho sakafuni. "Mama njo anajua."

Mama ndiye anayejua! Adélaïde alitembea huku maneno hayo yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki wa mukeke.

Duka la Hamissi lilikuwa kwenye kona, na nje palikuwa na benchi la wanywa chai. Jioni ile lilikuwa na mtu mmoja tu, mzee mwembamba mwenye koti. Ulikuwa mwezi wa saba, mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano, na vumbi la Bwiza lilikuwa limefunika hata majani ya migomba.

Mzee yule alikuwa amelowa.

Maji yalichuruzika kutoka kwenye mikono ya koti lake. Chini ya benchi palikuwa na tope. Na ile harufu... matete yaliyooza, mtoni, kiangazi.

Hakumtazama Adélaïde. Alimtazama mtoto.

"Anaitwa nani?" aliuliza taratibu.

"Hana jina bado, muzee."

Mzee alifikiri kidogo.

"Basi ni nani ananiita?"

Adélaïde alikaza fundo la kitenge.

"Kila siku naitwa," mzee alinong'ona. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote, ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na safari. "Natembea, natembea, nafika... nakuta mutoto. Nasema, labda huyu njo wamemutuma kunivusha. Namubeba, tunaenda mpaka ku mto. Lakini hawajui njia. Wa kwanza hakujua. Wa pili hakujua." Alinyoosha kidole cheupe, kilichokunjamana kama cha mfuaji nguo, akaligusa pindo la kitenge. "Huyu anajua?"

Adélaïde aliruka nyuma. Chupa ikamponyoka, ikapasuka.

Hamissi alitoka mbio akiwa na kitambaa cha kufutia glasi. "Kuko nini, mama? Ule muzee amekusumbua? Siku tatu anakaa hapa. Chai hanywi. Anauliza tu wapi kuko nyumba ya mutoto muchanga."

"Ukamuonyesha?"

"Apana, mama. Mi sikumuonyesha."

Wote wawili waligeuka. Benchi lilikuwa tupu. Nyayo za maji zilikuwa zimekata vumbi la barabara, moja baada ya nyingine, kuelekea kule alikotoka Adélaïde.

Alikimbia. Alipita barabara ya nyuma, kati ya majiko ya wauza mishikaki, huku kidonda cha uzazi kikimchoma na mtoto akimdundadunda mgongoni. Nyumbani alimkuta Gélase amerudi kazini, amekaa kwenye kigoda anavua viatu. Mawazo alinyoosha mikono.

"Lete Cirimwami wangu."

"Usimuite!"

Gélase aliinua kichwa. Hakuwahi kumsikia mkewe akipaza sauti namna ile mbele ya mama yake. Adélaïde alifunga mlango, akaweka komeo, akasimama amejiegemeza hapo.

"Mama. Baba mukwe alikufa wapi?"

"Uvira. Si unajua?"

"Nani alimuzika?"

"Mama alimuzika," Gélase alisema. "Mi nilikuwa nimevuka mbele, na mizigo. Adélaïde, maneno gani haya?"

"Nimemuona. Kwa Hamissi. Amelowa maji mwili muzima. Anauliza ni nani anamuita."

Mawazo aliketi kitandani polepole. Nje redio ya jirani iliimba, mtu akacheka, mbwa akabweka mara moja.

"Hakukufa Uvira," alisema hatimaye.

Gélase aliacha kiatu kikaanguka.

"Tulifika ku mto Ruzizi magaribi. Miguu yake ilikuwa imevimba. Mutumbwi ulikuwa umejaa, mwenye mutumbwi akasema mumoja abaki. Nikamuambia baba yako: kaa hapa mu matete, nikifika ngambo nitakuita. Akasema: ukiniita nitakuja. Akakaa." Mawazo alijipangusa mdomo. "Risasi zikaanza. Nikafika ngambo. Sikumuita. Niliogopa watanisikia. Nikatembea tu."

"Uliniambia ulimufunika na shuka!" Gélase alisema. "Uliniambia ulimuombea!"

"Miaka tano silali. Nikasema, nikimupa mutoto jina lake, nitakuwa namuita. Kila siku namuita. Labda roho itapoa."

Adélaïde hakuogopa tena. Hofu ilibaki barabarani pamoja na vipande vya chupa. Kilichokuwemo sasa kilikuwa moto mtupu.

"Ulijua?" aliuliza. "Alipokufa wa kwanza, ulijua?"

"Apana. Naapa kwa Mungu, wa kwanza sikujua."

"Na wa pili?"

Mawazo alianza kukunja pembe ya shuka.

"Mama, nakuuliza. Wa pili?"

Mawazo aliangalia mikono yake.

Adélaïde hakulia. Machozi yake yalikwisha kwenye makaburi mawili madogo. "Ulijua," alisema. "Ulijua, na juma lote hili ulikuwa unaita. Juu ya mutoto wangu. Ndani ya nyumba yangu. Ulikuwa unamupa watoto wangu ili we usiende!"

Ndipo harufu ilipoingia.

Matete. Tope. Mto.

Maji membamba yalipita chini ya mlango, yakagusa visigino vya Adélaïde. Yalikuwa ya baridi.

Mlango ukagongwa. Mara moja tu, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

"Mawazo... nimesikia. Niko hapa."

Mawazo alimrukia mwanawe, akamshika shati kwa mikono miwili. "Gélase, mwana wangu! Usiache afungue! Mumupe mutoto jina, ataenda, ile mara mbili alienda..."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Wote walilisikia.

Gélase alimtazama mama yake. Akamtazama mkewe, na kitenge, na kile kichwa kidogo kilicholala. Safari hii hakuangalia sakafu. Alivibandua vidole vya mama yake kwenye shati lake, kimoja kimoja, bila nguvu nyingi.

"Toka umuone, Mama," alisema.

Adélaïde alitoa komeo, akafungua mlango, akasogea pembeni.

Nje palikuwa na giza la mwanzo na moshi wa majiko. Hakuna mtu aliyeonekana. Lakini kizingiti kilikuwa kimelowa, na kitu kilikuwa kinapumua pale, polepole, kama mtu aliyetoka mbali.

"Miye njo nilikuita," Mawazo alisema. Ghafla sauti yake ilikuwa ndogo, ya msichana. "Hawa hawajui njia. Miye naijua."

Alivuka kizingiti bila viatu. Adélaïde alifunga mlango nyuma yake, na usiku kucha hakuufungua, hata Gélase alipoanza kulia.

Siku ya tisa mtoto alinyonya, akajikojolea, akapiga kelele mpaka majirani wakalalamika. Gélase alikwenda Ruzizi, akazunguka siku tatu. Wakata matete walimwambia kwamba walisikia mwanamke akiita alfajiri, na kwamba ng'ambo kuna mtu aliitika. Hawakuenda kutazama. Nani angekwenda?

Juma lililofuata walikwenda kumwandikisha mtoto. Adélaïde alimwambia karani jina: Aloys. Alilichagua kwa sababu hapakuwa na Aloys yeyote, hai wala mfu, katika ukoo wake wala wa mumewe.

Karani aliandika kwa mwandiko mzuri wa kimisheni. "Wazazi wa baba. Ni wazima ao wamekufa?"

Gélase alimtazama mkewe.

"Andika wako pamoja," Adélaïde alisema. Hasira ilikuwa bado imo, nzima, haijapungua hata kidogo.

"Apana, mama, hiyo haiandikwe hapa." Karani alichovya kalamu katika wino, akangoja. "Wazima ao wamekufa?"

Adélaïde alimkaza mtoto mgongoni, na nyuma yao foleni ilianza kunung'unika.