Mama Alikubali Kwamba Alipika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ndeshi alichota maji mferejini huku mama yake, Elifuraha, akiwasha moto. Kisha mama alishuka kwa miguu kutoka Akheri hadi Usa River, alikokuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba la kahawa. Huo ulikuwa mwaka 1954, Waingereza wakitawala Tanganyika.

Jioni moja mama alirudi mkono umevimba. Nyapara wa shamba, Saruni, alimpiga kwa fimbo kwa sababu alichelewa kazini. Mama hakunyamaza. Jumatatu alimchukua Ndeshi, wakaenda Arusha kumshtaki Saruni kwa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya Mwingereza aliyeamua kesi.

Saruni alidai kwamba mama aliteleza jikoni akaanguka. Bwana Shauri, ambaye alikuwa mgeni nchini na hakujua Kiswahili bado, akamwuliza mama, "Did you cook up this story?"

Karani Hatibu, mkalimani wake, alisita. Kisha akasema, "Bwana anauliza, ulipika?"

"Ndiyo, nilipika," mama akajibu. "Napika pale mwaka wa sita sasa."

Hatibu akamwambia Bwana Shauri kwamba mama amekubali. Saruni akatabasamu. Bwana Shauri akachukua kalamu.

Ndeshi alisimama kwa hasira. "Sivyo! Mwalimu Ndesanjo alitufundisha. 'Cook' ni kupika chakula, lakini 'cook up' ni kutunga uongo!"

"Kaa chini, mtoto!" Hatibu akafoka.

"Sikai! Mama anaulizwa kama ni mwongo, wewe unamwuliza habari za jikoni!"

Akamgeukia Bwana Shauri, akamweleza yote kwa Kiingereza chake cha shuleni. Bwana Shauri akaweka kalamu chini, akaamuru mama aulizwe upya.

"Mimi nimetunga?" mama aling'aka. Akapandisha mkono wa gauni. Alama tatu za fimbo zilionekana wazi. "Sakafu gani inachapa mara tatu?"

Bwana Shauri akazitazama alama zile, akamgeukia Saruni. Saruni akakiri, akahukumiwa kifungo.

Nje, Hatibu aliwafuata. "Mama, nisamehe. Neno lile sikulijua, nikaona aibu kuuliza mbele ya mzungu."

"Kwa hiyo aibu yako ndiyo iniite mimi mwongo?" mama akamjibu, bado amekasirika. Kisha akamshika Ndeshi bega. "Umesikia, mwanangu? Usipojua jambo, sema hujui. Kujifanya unajua ni uongo, na anayeumia ni mtu mwingine."