Migongo ya Kyandue

Jumapili hiyo Mwongeli alitoka kanisani, akapanda njia ya kwake polepole kwa sababu ya goti, akakuta mtaro wa juu kabisa wa shamba lake umechimbwa. Umechimbwa vizuri, udongo umetupwa upande wa juu jinsi inavyotakiwa, kingo zimenyooka. Asubuhi alikuwa ameuacha umejaa magugu. Akasimama na Biblia kwapani, akaangalia huku na huku. Hakukuwa na mtu. Chini ya mtaro kulikuwa na majani mabichi yaliyokanyagwa, mapana, ya mti wa muuku, na hapo ndipo mtu mwingine angeshtuka. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Msitu wa Kyandue, unaopakana na shamba lake, ulikuwa umepukutisha majani kitambo, ukabaki matawi matupu.

Mwongeli hakushtuka. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Lazima ujue kwanza jinsi tunavyolima huku Makueni. Tuna mwethya. Kina mama hukutana na majembe yao, leo wanachimba kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anapika isyo, mahindi na maharagwe, wote wanakula. Hakuna malipo. Ila ukichimbiwa, nawe utachimba, na ukila ukakwepa zamu ya mwenzako, basi umejiharibia. Mwongeli alikuwa katika mwethya wa jirani yake Kaveke tangu wote wawili walipoolewa hapo kilimani. Kisha goti likamharibikia. Akakosa zamu, akakosa tena, na Kaveke, ambaye ndiye mwenyekiti na anapenda sheria kuliko chai, akamtoa. Hakumtoa kwa chuki. Alisema sheria ni sheria, akaenda zake.

Tangu hapo Mwongeli akabaki peke yake kabisa. Mume alikuwa amezikwa pale chini ya mtaro wa mwisho. Mwanawe Kiilu, aliyekuwa akifanya kazi Athi River, alimwambia kwa simu kwamba mvua ya Novemba ikibeba udongo tena kama mwaka jana, atakuja kumchukua; mama atalala sebuleni kwake na wajukuu, na shamba litapewa wachoma makaa. Kiilu alidhani anamsaidia mama. Mama alikata simu akalia mpaka jioni, kwa sababu hakutaka kumwacha mzee pale chini bila mtu wa kumpalilia. Ndipo alipotembea hadi mpakani mwa msitu akasema kwa sauti, "Yeyote aje anichimbie. Yeyote tu. Mimi nitapika."

Sasa, mtu wa huku anasemaje neno kama hilo mbele ya Kyandue, msitu tunaouogopa tangu zamani! Lakini upweke humfanya mtu aongee na chochote.

Jumapili hiyo basi, alipouona mtaro, alifanya alivyofundishwa. Alipika isyo, akaibeba sufuria hadi kwenye jiwe la mpakani, akaiacha hapo. Kesho yake akaikuta imeoshwa, imekauka, imefunikwa kwa jani pana, na mtaro wa pili umechimbwa. Akapika tena.

Siku zikaenda hivyo. Hakuwaona kamwe, kwa kuwa walichimba alipokuwa mtoni au sokoni. Lakini mchana, akikaa mlangoni kupukuchua ndengu, aliyasikia majembe yao ndani ya msitu, yote yakipiga ardhi kwa pamoja, bila wimbo, bila kikohozi. Upepo ulipotoka huko ulileta harufu ya udongo ulionyeshewa, na mbinguni hakukuwa na wingu hata moja. Na msitu ukaanza kuvaa majani, kutoka katikati kuja nje. Mwongeli akawa anawapigia hadithi kutoka pale mlangoni, habari za goti, za Kiilu, za marehemu. Alikuwa na raha, nisiseme uongo. Alikuwa amesahau jinsi ilivyo kupikia watu.

Aliyewaona ni Abdisalam, mnunuzi wa mifugo kutoka upande wa Kyuso, aliyekuja saa sita mchana kuangalia beberu. Aliacha pikipiki barabarani akapita kwa miguu kandokando ya msitu. Alipofika uani alikuwa amelowa jasho, na chai hakuigusa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hawa vibarua wako ni wa wapi?"

"Umewaona?" Mwongeli aliuliza kwa hamu. "Wakoje?"

"Nimeona migongo. Nimewasalimu, hakuna aliyegeuka. Nikazunguka nipite upande wa pili. Mama, hata upande wa pili ni migongo."

Mwongeli alikaa chini. Abdisalam akamwambia kwamba kwao hao huitwa majini, na asiwape chakula tena hata punje. Akaondoka bila beberu. Pikipiki aliisukuma mpaka mbali kabla ya kuiwasha.

Siku hiyo Mwongeli hakupika. Alasiri majembe yalinyamaza. Alipotoka kwenda kufunga mbuzi alikuta mtaro wa mwisho, ule ulio juu ya kaburi la mzee, umekamilika, na juu ya jiwe la mpakani kulikuwa na jembe lake mwenyewe, ambalo hukaa nyuma ya mlango wa jikoni. Mpini ulikuwa umeelekezwa kwake.

Alielewa. Mwanamke yeyote wa mwethya angeelewa.

Alikwenda kwa Kaveke akichechemea, akamkuta akinoa jembe. Akamweleza yote, akinong'ona kana kwamba ua una masikio.

"Nimekubali kazi yao, Kaveke. Zamu yangu imefika. Goti hili halitachimba hata nusu. Twende wote."

Kaveke hakucheka. Alijaribu makali ya jembe kwa kidole, akasema, "Kesho kutwa, mama Kiilu. Kesho tuko kwa Mulei, na zamu haivunjwi. Ungoje."

"Hawatangoja."

"Kesho kutwa," Kaveke alirudia.

Kesho yake wakiwa kwa Mulei, Kaveke alichimba vibaya siku nzima. Jioni alipitia kwa Mwongeli akakuta mlango wazi, uji umeganda katika sufuria, na jembe halipo.

Hapo ndipo alipoita mwethya wote. Alfajiri mchungaji Muthama aliomba pale mpakani kwa muda mrefu, lakini kuingia hakuingia. Kaveke aliwaambia wenzake wazi kwamba kosa ni lake, kwamba deni la jembe hulipwa kwa jembe, na asiyetaka arudi. Hakuna aliyerudi. Wakaingia chini ya yale majani mapana yaliyofunga mwanga ukawa wa kijani kama ndani ya chupa, ndege hakuna, nzi hakuna, miguu yao wenyewe haisikiki, wakafuata harufu ya mvua mpaka wakaona mitaro, mtaro juu ya mtaro, kilima kizima kimechimbwa kwa ajili ya shamba lisilo na mmea, na katika mtaro wa karibu safu ya migongo imeinama, inainuka na kushuka pamoja, na katikati ya migongo hiyo leso ya manjano ya Mwongeli, ile anayovaa kanisani.

Kaveke alisimama karibu naye, akainua jembe, akachimba. Wengine wakajipanga. Walichimba bila neno, wakiangalia udongo tu kwa sababu hakuna aliyetaka kuangalia pembeni, mpaka vivuli vikageuka na majembe ya upande ule yakasimama yote kwa mara moja. Migongo ikaondoka kati ya miti. Mmoja tu ulibaki, wa leso ya manjano. Ukatangulia kuelekea nyumbani.

Wanawake walilia kwa furaha. Walimfuata wakimwita, wakimshukuru Mungu, na Mwongeli alitembea mbele yao kwa haraka, jembe begani, akashuka mitaro kama msichana. Kaveke aliona jambo hilo, akajiambia Mungu amemponya goti. Mwongeli akafika kwake, akaingia, akafunga mlango. Moshi ukatoka jikoni.

Kaveke aligonga. "Mama Kiilu, fungua nikuone uso. Nisamehe."

Sauti ikamjibu, sauti aliyoifahamu tangu ujana wao. Lakini haikutoka ndani. Ilitoka nyuma yake, msituni.

"Kaveke, mbona mnaniacha? Niko hapa chini, goti limenikataa."

Ndani ya nyumba mchi ukaanza kutwanga.

Wenzake walikimbia. Kaveke alikimbia pia, ila yeye alikimbilia msituni. Alipofika mpakani majani yote yalikuwa yamekwisha kuanguka. Kyandue ilikuwa vijiti vitupu, unaona mpaka ng'ambo, na hapakuwa na mtaro wala mtu. Sauti tu ndiyo ilikuwa ikimwita.

Mvua ya Novemba ilinyesha kwa fujo, na shamba la Mwongeli halikupoteza udongo hata konzi. Kiilu akipiga simu inapokelewa; anaambiwa mama ni mzima, asije. Moshi unatoka kila mchana, na watu hupita njia ya mbali.

Kaveke amejitoa katika mwethya. Kila siku huenda kwenye jiwe na jembe lake, humwita rafiki yake kwa jina, kisha hutulia kusikiliza. Bado anajibiwa. Ila kila siku sauti inatoka mbali kidogo kuliko jana.